Embe lisagwe nyumbani kabla ya kungoja lori

Kila msimu wa maembe, kati ya Desemba na Machi, kaunti za Makueni na Kitui nchini Kenya huonyesha kituko kilekile. Tunda limeinamisha matawi, jingine linaoza chini ya mti, dalali anataja bei apendavyo, na asubuhi mezani kuna strungi na mkate mweupe. Mwenye miti ya Apple, Kent na Ngowe humpeleka mtoto shuleni akiwa na sukari na unga tumboni. Tumezoea kuliona embe kama mali ya kuuza, au kitu cha watoto kuchezea vinywani mchana, wala si chakula cha kuanzia siku. Hoja yangu ni kwamba kile kinywaji kizito cha matunda na mboga zilizosagwa pamoja, ambacho mijini huitwa smuthi na kuuzwa ghali, mahali pake hasa ni Wote, Mutomo na Kibwezi.

Tazama jinsi masoko mengine yalivyo nje ya uwezo wa mkulima. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa nchini mwaka 2003, na kufikia 2014 Kenya ilikuwa imejizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya. Mlango ule ulifunguliwa tena 2021. Kiwanda cha kaunti ya Makueni kilichofunguliwa Kalamba mwaka 2017 ni hatua ya kusifiwa, maana kinageuza embe kuwa rojo linalohifadhika. Lakini kiwanda hutegemea umeme, fedha na mnunuzi wa rojo hilo, na msimu hausubiri chochote kati ya hivyo. Jiko la mwenye shamba halihitaji cheti cha mtu.

Upande wa afya, ushahidi haujajificha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kiasi hicho ni vigumu kukifikia ikiwa asubuhi imepita bure. Strungi nayo ina kasoro isiyotajwa sana: viambata vyake huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yanayotoka kwenye nafaka, kunde na majani. Vitamini C hufanya kinyume chake, na embe na papai yanayo tele. Unga wa ubuyu unayo pia, ule mweupe wenyewe kabla haujapakwa rangi na sukari na kugeuzwa peremende. Kwa hiyo embe lililosagwa na mchicha au sukuma wiki iliyochemshwa kidogo lina faida zaidi ya utamu.

Nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya watu wa Nairobi wenye blenda, na kwamba anayekwenda kulima hawezi kushiba juisi. Lipo pia pingamizi zito kuliko hayo, la maji. Chai, pamoja na makosa yake, ina fadhila moja kubwa: maji yake yamechemka. Katika kaunti ambazo familia nyingi huchota kwenye mchanga wa mto mkavu au kwenye bwawa linalonywewa na ng'ombe, kumwambia mama achanganye matunda na maji mabichi ni kumtafutia mwanawe tumbo la kuhara. Jawabu limo katika sufuria iliyo tayari jikoni. Pika uji mwepesi wa wimbi au mtama, uache upoe, kisha uumimine juu ya embe lililomenywa na majani yaliyochemshwa, pamoja na kijiko cha karanga zilizosagwa. Maji yamechemka, na tumbo limepata kitu cha kushika. Blenda ikikosekana, kinu kitaponda majani, na embe la Apple au Kent lililoiva barabara halina nyuzi za kuusumbua mwiko. Tunda lioshwe kabla ya kumenywa, hasa lililopigwa dawa.

Kuhusu sukari, wenye wasiwasi wana haki. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, kwa hiyo usichuje, usitie kijiko cha sukari, na iwe glasi moja, si jagi. Mwenye kisukari aulize kliniki kwanza. Msimu ukiisha kuna papai, kuna ubuyu, na kuna embe lililokaushwa juani kwa vipande vyembamba, kazi ambayo ingefaa kufanywa Januari wakati debe halina bei.

Kaunti nazo zina nafasi yao, kwani Katiba ya 2010 iliziachia elimu ya chekechea. Magavana na mabunge ya Kitui na Makueni wanapopanga bajeti ya uji wa watoto wa chekechea, watenge fedha za kununua maembe kwa wakulima wa kata ileile, kwa bei inayojulikana kabla dalali hajafika.