Tusiwaambie Akina Mama Wasubiri

"Subiri mama, atakomaa tu." Hivyo ndivyo anavyojibiwa mama aliyejifungua kabla ya wakati, anapouliza mbona shingo ya mwanawe haijakaza. Nimefundisha watoto wenye ulemavu kwa miaka mingi. Wenye mtindio wa ubongo huletwa kwangu wakiwa na umri wa miaka sita au saba, misuli imekwisha kukakamaa. Jibu hilo nalipinga.

Kwamba watoto waliozaliwa mapema wamo hatarini zaidi si habari ngeni. William Little, tabibu wa Uingereza, alilieleza jambo hilo mwaka wa 1861. Lakini mwaka wa 1997, Heinz Prechtl, mzaliwa wa Austria, na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 130. Mtoto alilazwa chali, akiwa macho na mtulivu, akapigwa picha za video. Kwa kawaida mtoto asiye na kasoro, kati ya majuma 9 na 20 baada ya siku aliyotarajiwa kuzaliwa, huwa na mijongeo midogo midogo ya shingo, kiwiliwili, mikono na miguu. Watoto 60 waliikosa mijongeo hiyo, au walikuwa nayo kwa namna isiyo ya kawaida. Kati yao, 57 walipatikana na kasoro baadaye, 49 wakiwa na mtindio wa ubongo. Hapahitajiki mtambo wa mamilioni ya pesa, ila jicho lililofunzwa; kamera yenyewe siku hizi imo katika simu za mikononi.

Wapenzi wa hesabu na wanisikilize hapa. Chanjo zetu huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa: juma la 6, la 10 na la 14. Mtoto aliyezaliwa majuma 8 kabla ya wakati, akifika kliniki juma la 14, kwa hesabu ya siku aliyotarajiwa ana majuma 6 tu. Mijongeo hiyo bado haijaanza. Akirejea na miezi sita kupewa vitamini A, ana majuma 18, na mlango u karibu kufungwa. Akiikosa siku hiyo, chanjo ya surua ya miezi tisa itamkuta mlango umefungwa zamani.

Wapo watakaosema kwamba tutawatia wazazi hofu bure. Ni kweli, watatu kati ya wale 60 walikua salama. Hata hivyo, mama aliyefunzwa kumnyoosha mwanawe viungo, kumlisha na kumpakata vyema, amepoteza nini mtoto akiwa mzima? Samaki mkunje angali mbichi, methali ambayo sisi walimu tulizoea kuitumia kutetea kiboko, hapa ndipo mahali pake hasa. Mtindio wa ubongo hauna tiba ya kuuondoa, lakini ubongo mchanga hujifunza upesi kuliko ule wa mtoto ninayempokea darasani.

Naiomba Wizara ya Afya iwafunze wauguzi katika kila kaunti kuzisoma picha hizo. Na kitabu cha kliniki cha mtoto aliyezaliwa mapema kiandikwe tarehe mbili kwenye ukurasa wa kwanza: aliyozaliwa, na ile aliyotarajiwa kuzaliwa.