Picha za hospitali nazo zivuke mpaka

Mfanyabiashara anayepitia Namanga, Busia au Mutukula hasafiri bila karatasi za mzigo. Anajua kuwa gunia la maharage lisilo na hati linaweza kulala mpakani. Lakini mtu huyohuyo akifanyiwa upasuaji wa saratani ya kinywa nchi jirani, huweza kurudi nyumbani na barua ya kuruhusiwa tu, huku picha zake za CT zikibaki hospitalini.

Hilo si jambo dogo. Katika upasuaji huo daktari huondoa uvimbe, pengine pamoja na kipande cha taya na tezi za shingoni, kisha huziba pengo kwa nyama ya mkononi au pajani, au kwa mfupa wa mguu uliofungwa kwa bamba la chuma. Siku za mwanzo hatari ni damu kuvilia, usaha kujikusanya, au mishipa ya nyama iliyopandikizwa kuziba. Ultrasaundi huonyesha majimaji yaliyo karibu na ngozi. CT hufichua usaha uliojificha ndani zaidi. Baadaye, hasa kwa aliyepigwa mionzi, mfupa wa taya unaweza kufa polepole au bamba kuvunjika.

Ugumu ni kwamba kovu, uvimbe wa mionzi na saratani iliyorudi huweza kufanana kwenye picha. Mtaalamu huvitofautisha kwa kulinganisha picha ya leo na ile iliyopigwa takriban miezi 3 baada ya matibabu. Asiyekuwa nayo hubahatisha, au humrudisha mgonjwa alikotoka. Mtaji unakatika, na ugonjwa unapewa muda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha cheti cha uasili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, imeteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha ukanda huu. Kama mgonjwa anatarajiwa kuvuka mpaka, kumbukumbu zake nazo zivuke. Mawaziri wa afya wakubaliane kwamba kila mgonjwa akabidhiwe picha na ripoti zake kabla hajaondoka, bila malipo mapya.

Wakati tukisubiri, msomaji usitoke hospitalini bila kuziomba. Na ukiona shingo imevimba, homa, au mate yanachuruzika kwenye kidonda, usingoje safari ijayo ya mzigo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, picha zako mkononi.