Tunisia: Kwa nini mkate ni siasa?

Oktoba 2022 Tunisia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, walifikia makubaliano ya awali ya mkopo wa dola bilioni 1.9. Serikali ilitakiwa kupunguza ruzuku, yaani pesa inayolipa ili mwananchi anunue mkate na mafuta kwa bei nafuu. Aprili 2023 Rais Kais Saied alikataa, akisema nchi yake haipokei amri kutoka nje.

Ana sababu ya kuogopa. Mwishoni mwa Desemba 1983 serikali ya Habib Bourguiba ilipandisha bei ya mkate maradufu. Ghasia zilianzia kusini kwenye umaskini, zikafika Tunis, makumi ya watu wakauawa. Januari 6, 1984 Bourguiba mwenyewe alitangaza kuwa bei inarudi ilipokuwa.

Lakini ngano nyingi hutoka nje, na mnunuzi ni serikali. Ikipungukiwa na fedha za kigeni, unga huadimika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023: bei ya mkate ilibaki ileile, foleni zikarefuka. Maskini hakuongezewa bei, alilipa kwa saa zake.

Saied alilisimamisha bunge Julai 2021, na Oktoba 2024 akachaguliwa tena kwa zaidi ya asilimia 90, huku waliojitokeza kupiga kura wakiwa chini ya asilimia 30. Bunge la sasa halina nguvu ya kumbana. Kwa hiyo swali la nani abebe mzigo wa madeni, tajiri au mlaji wa mkate, linaamuliwa ikulu peke yake.