Day of the Tentacle: Si Mtupe Mji Basi

Wasee, wakosoaji walioisifu Day of the Tentacle Remastered mwaka 2016 hawakudanganya. Double Fine waliichukua gemu ya LucasArts ya 1993 wakaichora upya bila kuiharibu. Ukibonyeza F1, picha za zamani zinarudi. Na vichekesho? Vyoo vinavyorusha watu miaka 200 nyuma na miaka 200 mbele! Mbavu ziliniuma.

Shida yangu ni moja: haina vidokezo. Kuna mahali Laverne amekwama juu ya mti kule mbele, na wewe huku nyuma unatakiwa upake matunda yake rangi nyekundu, ili George Washington adhani ni mcherry aukate. Mtoto wa Marekani amekua akisikia kisa cha Washington na mcherry. Mimi wa Sericho cherry nimeziona juu ya keki tu. Halafu mtu anakuambia, "Si utafute jibu YouTube." Kwa bando ya nani?

Hata vitendawili vyetu vina huruma. Ukishindwa unatoa mji, unapewa jibu, mchezo unaendelea, na hakuna anayekuita mjinga. Tena toleo jipya la The Secret of Monkey Island la 2009 lilikuwa na vidokezo, na utamu haukupungua.

Wanaosema kukwama ndiyo raha yenyewe, sawa, wasibonyeze. Sisi wengine tuachieni mlango.

Naipa 8 kwa 10. Wewe ungeipa ngapi?