Kidonda Kimefunga, Kazi Haijaisha

Tazama mwili wako. Bila shaka utaona kovu mahali fulani. Labda ulijikata kwa panga shambani. Labda uliungua ulipokuwa mtoto. Labda ulipasuliwa hospitali. Kila kovu lina habari yake.

Siku kidonda kinapofunga, sisi husema, "Nimepona." Muuguzi anatoa nyuzi. Tunashukuru, tunarudi nyumbani, tunasahau. Mimi nasema hapo tunakosea. Kidonda kikifunga, kazi nyingine inaanza. Kazi hiyo hufanywa nyumbani, kwa mikono yetu wenyewe.

WATU WAWILI

Jirani yangu ana binti. Alipokuwa na miaka 3 alimwagikiwa na uji wa moto. Akaungua mkono, mahali kiwiko kinapokunjwa. Alilazwa wiki nyingi. Kidonda kilipofunga mama yake aliambiwa, "Mtoto amepona, nenda nyumbani." Hakuambiwa neno jingine.

Mtoto alipenda kuukunja mkono, maana ukikunjwa haukuuma. Mama alimwonea huruma, akamwacha. Baada ya miezi michache mkono ulikataa kunyooka. Leo ni msichana wa miaka 12. Anajitwisha ndoo kwa shida, mpaka mtu amsaidie.

Mimi nilijikata kiganja kwa panga wakati wa kufyeka. Nikashonwa. Siku ya kutoa nyuzi, muuguzi mmoja mzee aliniketisha kwenye benchi. Akanionyesha jinsi ya kulichua kovu kwa mafuta, na jinsi ya kunyoosha vidole. Nilifanya hivyo kwa miezi 6. Leo nashika jembe. Kovu lipo, lakini halinizuii.

Ni kweli, kuungua ni kubaya kuliko kukatwa. Lakini iko tofauti nyingine kati yetu. Mimi nilifundishwa. Yule mama hakufundishwa.

KOVU NI NINI?

Ngozi nzima ina nyuzi ndogo sana, ambazo hatuzioni kwa macho. Zimesukwa vizuri kama mkeka. Ngozi ikikatika au ikiungua, mwili huziba pengo haraka kwa nyuzi mpya. Ni kama mtu anayetia kiraka kwenye mkeka. Tundu linazibika, lakini kiraka ni kigumu, hakikunjiki vizuri.

Kovu jipya huendelea kubadilika kwa mwaka 1, na pengine hata miaka 2. Katika muda huo nyuzi zake hujivuta na kukaza. Kovu la moto hukaza zaidi. Likiwa kwenye kiwiko, goti, kwapa, shingo au vidole, linaweza kukifunga kiungo hicho.

Kwa hiyo kovu jipya ni kama udongo wa mfinyanzi ambao haujachomwa. Bado unafinyangika. Tukichelewa, umekwisha kuwa chungu.

JINSI YA KULICHUA KOVU

1. Ngoja kidonda kifunge chote. Kisiwe na kigaga, maji wala usaha. Nyuzi ziwe zimetolewa. Mwonyeshe kwanza muuguzi au daktari, akuambie kama wakati umefika. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa husubiri wiki 6 hivi.

2. Kata kucha. Nawa mikono kwa sabuni.

3. Paka mafuta kidogo yasiyo na manukato, kama mafuta ya mgando.

4. Weka vidole viwili juu ya kovu. Bonyeza polepole. Zungusha vidole kidogo kidogo. Kisha sogeza ngozi juu na chini, halafu kulia na kushoto. Vidole visiteleze tu juu ya mafuta. Ngozi yenyewe isogee pamoja na vidole.

5. Fanya hivyo kwa dakika 5, mara 2 au 3 kila siku. Mgonjwa asikie kuvutwa, lakini asilie kwa maumivu.

6. Kama kovu liko kwenye kiungo, kinyoosheni polepole mpaka kovu livutike. Shikeni hapo, mhesabu hadi 30 pole pole. Pumzikeni, kisha rudieni.

7. Ukiona malengelenge, usaha, damu, au kovu likiwa la moto na kuvimba, acha. Nenda zahanati.

Ngozi ya kovu jipya huungua na jua upesi. Ifunike kwa nguo unapokwenda shambani.

MIKONO YA NGUVU HAIFAI

Sasa nataka kusema na bibi zetu na mama zetu. Ninyi ndio mnaowatunza wazazi baada ya kujifungua. Mikono yenu imetulea wote. Lakini iko desturi moja ambayo naomba tuiache. Ni desturi ya kumkanda tumbo kwa maji ya moto mama aliyepasuliwa.

Mama huyo ana kidonda juu ya ngozi, na kingine ndani, kwenye mfuko wa uzazi. Maji ya moto yanaweza kumwunguza. Kumkandamiza kwa nguvu kunaweza kufungua mshono. Hapo nia ni nzuri, lakini mkono unaumiza.

Sisemi mikono yenu isitumike. Nasema itumike kwa wakati wake, na kwa upole. Wiki za kwanza msaidieni mzazi kwa chakula, kwa kuchota maji na kwa kumbeba mtoto. Kidonda kikifunga, na muuguzi akikubali, mfundisheni kulichua kovu taratibu.

MANENO YA WANAOKATAA

Wengine watasema, "Hatuna muda. Kazi ya shamba ni nyingi." Tufanye hesabu. Dakika 5 mara 3 ni dakika 15 kwa siku. Mkono uliokunjamana hupoteza saa ngapi katika maisha yote?

Wengine watasema, "Mtoto analia, namwonea huruma." Huruma ni njema. Lakini wauguzi wa majeraha ya moto wanajua jambo moja. Mkao unaompa mgonjwa raha mara nyingi ndio mkao ambao kiungo hufungia. Basi huruma ya kweli ni kumnyoosha mtoto kwa upole, huku ukimwimbia au kumsimulia hadithi. Ukimwacha leo, atalia miaka mingi.

Wengine watauliza, "Je, kovu litafutika?" Hapana. Nisikudanganye. Kuchua hakufuti kovu. Wataalamu bado wanapima msaada wake ni mkubwa kiasi gani. Lakini watu wengi walioungua hupata nafuu ya muwasho na maumivu, na ngozi yao hulainika. Kovu linalovimba na kukua kupita mahali pa jeraha lina dawa zake hospitali. Na kiungo kilichokwisha kufunga kabisa huhitaji kupasuliwa. Hata binti wa jirani yangu anaweza kusaidiwa hivyo. Mama yake sasa anauliza njia ya kufika hospitali ya rufaa.

OMBI LANGU

Kwa wagonjwa na jamaa zao nasema hivi. Msiondoke hospitali kimya kimya. Ulizeni: "Kidonda kikifunga, tufanye nini nyumbani? Tuanze lini? Tuonyesheni kwa mikono." Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yenu.

Kwa wauguzi na waganga wa zahanati nasema hivi. Neno "umepona" halitoshi. Chukueni dakika 10 kumwonyesha mama kazi hii, naye afanye mbele yenu. Na palipo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mpelekeni mgonjwa kwake mapema, kabla kiungo hakijakaza.

Dawa nyingine ni ghali, na nyingine ziko mbali. Hii inahitaji maji, sabuni, mafuta kidogo, na mkono mpole usiochoka. Vitu hivyo viko kijijini kwetu. Basi, ndugu msomaji, nenda nyumbani leo ukawasomee wengine habari hii. Huenda karibu nawe yuko mtoto ambaye mkono wake bado unafinyangika.

MAZUNGUMZO YA DARASANI

1. Kwa nini mkono wa binti ulikataa kunyooka?
2. Ni dalili zipi zinazoonyesha kuwa bado si wakati wa kulichua kovu?
3. Katika kijiji chenu, mama aliyepasuliwa hutunzwaje? Lipi lifuatwe, na lipi liachwe?
4. Andika maswali mawili ambayo utamwuliza muuguzi siku mgonjwa wako atakapotoka hospitali.