Chungu cha Pili

Imeenea katika miji yetu ya Pwani, na kutoka Pwani imepanda hata bara, itikadi moja ambayo watu wengi huipokea pasipo kuidai hoja yake: ya kwamba mtoto anayechagua chakula hana dawa ila kupikiwa chake peke yake. Mama hurudi kazini jua limekwisha kutua, akabandika wali na maharage kwa ajili ya aila nzima, kisha, kabla hajapata kuketi, akauliza kwa sauti ya unyonge, "Na wewe, mwanangu, nikupikie nini?", na kwa jibu la mtoto wa miaka minne jiko huwashwa tena, viazi vikamenywa, mayai yakavunjwa, soseji zikakaangwa. Wenye itikadi hii huiita huruma. Mimi naikanusha kwa moyo wangu wote, kwa kuwa chungu hicho cha pili hakimponyi mtoto uteuzi wake bali humlea nao, na kinamdhulumu mama yule saa moja ya raha iliyombakia katika siku yake.

Tuanze na asili ya uteuzi wenyewe, maana asiyejua chanzo cha jambo hulitibu kwa kubahatisha. Mtoto huzaliwa, aghalabu, na uzito wa kilo tatu au kuzidi kidogo, na anapotimiza mwaka mmoja uzito huo huwa umefikia kiasi cha mara tatu; lakini katika mwaka wake wa pili huongeza kilo mbili au mbili na nusu tu, na mwili uliopunguza mwendo wa kukua hupunguza pia madai yake ya chakula. Mama aliyezoea kumwona mwanawe akimaliza bakuli zima la uji, akimwona sasa anakisukuma kijiko kwa ulimi, hudhani pana maradhi au ukaidi, ilhali pana maumbile tu. Fauka ya hayo, kati ya umri wa miaka miwili na sita hivi, watoto wengi huingiwa na hofu ya kila chakula kigeni machoni pao. Mtazame mtoto huyo anapoletewa mchuzi: hukitafuta kipande cha nyanya kwa ncha za vidole, akakitoa, akakiweka ukingoni mwa sahani, akakigeuza upande wa pili, akanusa kidole chake, kisha akaendelea na wali wake mweupe. Mtu mzima huona udhia katika kitendo hicho. Mimi naona kiumbe anayejihadhari, na hadhari hiyo ni haki yake.

Dawa ya hofu ni mazoea, na mazoea huchukua muda mrefu kuliko subira ya wengi wetu. Leann Birch, mwanachuoni wa Marekani aliyeutumia umri wake kuchunguza ulaji wa watoto, alitangaza mwaka 1982 uchunguzi ambamo watoto wa miaka miwili walionjeshwa jibini na matunda wasiyoyajua, vingine mara chache na vingine mara nyingi. Ikadhihiri kwamba walichokionja mara nyingi ndicho walichokipenda. Wataalamu waliofuata hutaja mara nane, mara kumi, hata mara kumi na tano kabla ya mtoto kuridhika na chakula kipya. Sasa pimeni kwa insafu: mwenye chungu cha pili hukiondoa chakula mara ya pili au ya tatu, akatangaza kwa jirani na shangazi, mtoto mwenyewe akisikia, kwamba "huyu hali mchicha abadan," na hukumu hiyo ikawa kama jina la pili la mtoto. Mchicha haukupata kusikilizwa shauri lake.

Najua jibu nitakalopewa: mtoto akiachiwa ahiari mwenyewe atakula vibaya au atalala na njaa. Jibu hili lina umri mrefu, na lilipata kujaribiwa huko Marekani, hasa Chicago, na tabibu aliyeitwa Clara Davis, aliyeanza kutangaza matokeo yake mwaka 1928 na akayaeleza kwa ukamilifu zaidi mwaka 1939. Alichukua watoto kumi na watano walioachishwa ziwa karibuni, akawapangia orodha ya vyakula thelathini na vinne, vyote vya asili na visivyochanganywa: matunda, mboga, nafaka, mayai, maziwa, samaki, nyama, ini, figo, ubongo na uboho wa mifupa, chumvi iliwekwa katika kibakuli chake, na sukari haikuwako. Wauguzi walikatazwa kumshawishi mtoto, kumsifu au kumkemea. Kazi yao ilikuwa kungoja mpaka aelekeze mkono. Milo ya watoto wale ilikuwa ya ajabu, leo mayai mengi, kesho ndizi tupu, walakini wote walikua wakanawiri, na mmoja aliyeingia na maradhi ya matege alikunywa mafuta ya ini la samaki kwa hiari yake mpaka akapona, kisha akayaacha.

Wako wanaoitaja habari hii kuthibitisha kwamba mtoto apewe kila anachotaka, nao huisoma nusu. Davis mwenyewe alisema siri ilikuwa katika orodha. Mtoto alichagua, lakini miongoni mwa vitu alivyokwisha kuchaguliwa na mtu mzima, na hapakuwa na kitu kibaya cha kukimbilia. Hapa ndipo ninaposimama mimi: mamlaka ya mzazi yako katika kuamua kipikwe nini na kiliwe saa ngapi, na mamlaka ya mtoto yako katika kuamua ale au asile, na ale kiasi gani. Ellyn Satter, mjuzi wa lishe wa huko huko Marekani, amekuwa akiufundisha mgawanyo huu tangu miaka ya 1980. Chungu cha pili huuvunja kwa kumpa mtoto mamlaka ya jikoni, nayo ni taklifu asiyoiweza mtoto wa miaka minne.

Fimbo nayo huuvunja kwa upande wa pili. Nisidhaniwe kwamba kwa kukikataa chungu cha pili nawaunga mkono wale wanaombana mtoto pua ili afumbue kinywa wamimine uji, au wanaomweka mbele ya sahani mpaka chakula kipoe na machozi yachanganyike na mchuzi. Ikrahi haizai raghba. Mwaka 2006 Birch na wenziwe walieleza jinsi watoto waliohimizwa kwa maneno tu wamalize supu, bila hata kupigwa, walivyoila kidogo kuliko supu ile waliyoachiwa kwa hiari, tena wakaisema vibaya. Na aahidiye peremende kwa mwenye kumaliza mboga humfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu na peremende ndiyo thawabu.

Basi apike nini mama aliyechoka, siku ya Jumanne, saa moja ya usiku? Apike chungu kimoja, akitenge. Neno lote liko katika kutenga. Maharage yalowekwe usiku wa Jumamosi na kuchemshwa Jumapili katika sufuria kubwa, yagawanywe, yahifadhiwe katika jokofu. Jioni ya kazi hayahitaji ila nazi. Nazi ikunwe kwa mbuzi, tui jepesi liingie kwanza pamoja na kitunguu na bizari ya manjano, tui la kasimile liingie mwisho, na moto upunguzwe lisije likakatika. Mchicha ukatwe na kuchovywa katika tui hilo hilo kwa dakika chache. Wali uwe pembeni, na maharage pembeni; kachumbari isiwe na pilipili, na pilipili iwe katika kibia chake kwa wanaoitaka; ndimu ikatwe, ndizi mbivu ziwekwe. Mchuzi usimwagwe juu ya wali wa mtoto bila ya idhini yake, kwa maana watoto wengi hawachukii mchuzi, huchukia kushtukizwa. Ndimu ile haiko kwa ladha tu: uchachu wake huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha, kama vile chai, inywewapo pamoja na chakula, inavyouzuia, kwa hiyo kikombe cha chai kingoje.

Sharti moja nalitia mkazo: katika kila chajio kiwepo kitu kimoja ambacho mtoto huyo hujulikana kukila, hata kiwe wali mtupu au ndizi. Akila wali na ndizi usiku huo, asisimangwe wala asibembelezwe. Kesho ni ugali na dagaa wa kukaanga na kunde. Keshokutwa ni muhogo wa nazi na samaki. Mchicha utarudi, na ukirudi uwekwe palepale karibu na mkono wake, watu wengine wakiula kwa furaha yao, pasipo hotuba. Mtoto wa Pwani, kwa hakika, hazaliwi mgeni wa ladha zetu: uchunguzi wa Julie Mennella uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha waliipokea karoti kwa wepesi zaidi walipoanza kula. Huenda aliyelelewa tumboni kwa nazi na bizari amekwisha kukutana nazo.

Na kabla ya kumlaumu mtoto kwamba hana hamu, iulizwe saa kumi na moja alikula nini. Nimeona nyumba nyingi ambamo mtoto hupewa andazi na soda alasiri, biskuti magharibi, na maji ya matunda yenye sukari wakati chungu kikichemka, kisha aila yote ikastaajabu kwamba hali. Tumbo lake ni dogo. Lipewe muda wa saa mbili bila kitu ila maji, na nusu ya uteuzi utaondoka wenyewe.

Siwasemi hapa watoto wagonjwa. Anayekonda, anayepaliwa au kutapika kila alapo, anayekataa makundi mazima ya chakula kwa miezi, apelekwe kliniki pamoja na kadi yake ya uzito, wala asitibiwe kwa makala ya gazeti. Katika nchi kama Tanzania, ambako uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wako wengi mno ambao shida yao ni ukosefu, na hao kuwaita wateuzi ni izara.

Nabakia na neno moja, nalo nawaelekezea wanaume wenzangu. Chungu cha pili hakikuanzia kwa mtoto. Katika nyumba nyingi kilikuwako kabla hajazaliwa, nacho kilikuwa cha baba: finyango ya nyama iliyotengwa chini ya kawa, samaki mzima wakati wengine wana vichwa, na bakuli la mchuzi kwa bwana ambaye, ikijulikana kwa wote, hali majani. Mtoto alikaa akatazama. Aliona kwamba mkubwa wa nyumba ndiye mwenye haki ya kukataa, na kwamba mama huinuka akikataliwa, naye akaitaka heshima hiyo. Kumkemea yeye na kumwacha baba ni dhuluma ya wazi, na kila mke anaijua hata asipoisema. Baba anayetaka mwanawe ale mchicha na aketi kwenye sinia moja na watoto, autie tonge, aule, tena aanze usiku huu huu, bila ya kuombwa na mkewe.