Mtihani Usemao Kweli

Kila mwaka vijana wa Tanzania watakao kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Marekani, Uingereza au Kanada hukutana na sharti moja liwachomalo moyo kuliko mengine. Huambiwa kuwa kabla ya kupokewa yawapasa wathibitishe kwa mtihani kwamba wanajua Kiingereza. Kijana amesoma fizikia, historia na jiografia kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza mpaka cha Sita. Ana vyeti 2 vya taifa vilivyopatikana kwa lugha hiyo. Pengine ana na shahada ya kwanza juu yake. Walakini mlangoni huambiwa angoje nje, afanye kwanza Mtihani wa Kiingereza kama Lugha ya Kigeni. Hiyo ndiyo maana ya jina ambalo herufi zake zilifupishwa zikawa TOEFL, na mtihani huo umelichukua jina hilo tangu ulipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1964.

Jina hilo limezua hasira nyingi. Wako wasemao kuwa ni dharau kwa watu waliotawaliwa na Mwingereza na kusomeshwa kwa maneno yake. Wako wasemao kuwa Kiingereza kwetu si lugha ya kigeni hata kidogo, bali ni lugha ya pili, nayo ina kiti chake mahakamani, ofisini na darasani. Nakusudia katika makala haya kusema kinyume cha hayo. Mtihani huu una makosa yake, lakini katika jambo moja kubwa umesema kweli ambayo sisi tumekataa kuisema nyumbani kwa zaidi ya miaka 60. Kiingereza kwa walio wengi katika Tanzania ni lugha ya kigeni. Astahiliye lawama si yule aliyeliandika jina hilo juu ya karatasi ya mtihani. Ni sisi tuliomlea mtoto katika lugha asiyoijua, tukamwambia kuwa anaijua.

Nisidhaniwe kuwa ninautetea mtihani huu katika kila jambo. Ada yake hutozwa kwa hesabu ya dola, na dola haimwoni mtoto wa mkulima wa Rukwa kwa jicho lile limwonalo mtoto wa tajiri wa New York. Matokeo yake hukubaliwa kwa miaka 2 tu, na baada ya hapo mtu hudaiwa kufanya tena, kana kwamba lugha ni samaki, ikikaa huoza. Mtihani mwenzake, IELTS, ulioanza mwaka 1989, una desturi iyo hiyo. Tena serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa Kiingereza waombapo ruhusa ya kuingia kusoma. Jamaika imo, Malta imo, lakini hapana hata nchi 1 ya bara la Afrika. Mwenye kuyalalamikia mambo haya analalamika kwa haki. Lakini malalamiko ya haki juu ya jirani hayafuti uchafu wa nyumba yetu, na mimi nataka tuingie ndani.

Tumtazame mtoto wa shule ya msingi ya serikali. Huyu husoma hesabu na sayansi yake kwa Kiswahili. Humo hujifunza usanisinuru, yaani jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kujitengenezea chakula. Analielewa jambo hili. Akitaka aweza kumweleza bibi yake shambani, na bibi akalielewa pia. Akiingia Kidato cha Kwanza hupewa majuma machache ya mafunzo ya kumvusha, kisha jani lile lile hurudi kwake limevaa nguo nyingine na halimsalimu tena. Mwalimu, ambaye naye alipita njia iyo hiyo, hueleza kwa Kiswahili ili aeleweke, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza ili atimize sheria. Mwanafunzi hunakili asichoweza kukisema, hukariri asichokielewa, na siku ya mtihani huyarudisha maneno kama alivyoyapokea. Pengine ukutani mwa shule hiyo limebandikwa tangazo la kukataza Kiswahili, na mtoto aliyeuliza swali kwa lugha anayoielewa huadhibiwa kwa kuuliza. Katika hali hiyo mwenye busara hunyamaza, na darasa lililonyamaza halijifunzi Kiingereza wala jiografia.

Si mimi wa kwanza kuliona hili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima kiwango cha lugha hiyo katika shule na vyuo vyetu. Waliona kuwa ni kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia ndipo masomo kwa Kiingereza yaanze. Maana yake ni kwamba wengine wote walikuwa wamemaliza miaka 4 ya safari bila ya kufika mahali pa kuanzia safari. Ajabu ni kuwa baada ya kuyaona hayo, wataalamu hao walishauri Kiingereza kiendelee kufundishia, nasi tukaafiki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Lakini toleo lake la mwaka 2023 limekiacha Kiingereza katika kiti chake cha sekondari. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humfichua. Sisi tumeficha maradhi kwa vizazi kadhaa, na mtihani wa ugenini ndio unaotufichua.

Baada ya hayo, hebu tuyatazame maandalizi ya mtihani wenyewe kama yafanywavyo miongoni mwetu. Kijana hupata habari ya sharti hili ikiwa imebaki miezi 2 au 3. Hukimbilia darasa la jioni, na hapo huuziwa mbinu. Huambiwa kuwa insha ina umbo moja lisilobadilika. Akariri sentensi ya kufungulia, sentensi ya kuunganishia na sentensi ya kufungia, kisha atie katikati maneno ya mada yoyote atakayopewa, kama mtu atiaye unga katika gunia. Huambiwa akariri hadithi 1 ya mtu anayemheshimu na hadithi 1 ya mahali alipopapenda, na kwamba hadithi hizo zitajibu kila swali. Huambiwa kuwa katika kusoma si lazima aelewe habari; atafute neno la swali ndani ya habari, na jibu litakuwa karibu yake.

Mbinu hizi ni udanganyifu, na wa kwanza kudanganywa ni mwenye kuzilipia. Katika IELTS mtahiniwa hukaa mbele ya mtu aliye hai kwa dakika 11 hadi 14. Hupewa kadi yenye mada, hupewa dakika 1 ya kufikiri, kisha hutakiwa kusema peke yake kwa muda wa hadi dakika 2. Baadaye huulizwa maswali yazaliwayo na mada hiyo. Mtahini aliyezoea hulitambua jibu lililokaririwa upesi kama mwenye duka aitambuavyo noti bandia, na jibu la namna hiyo hushusha alama. Katika kusikiliza, habari husikika mara 1 tu na kupita. Mtu aliyezoea Kiingereza cha ubaoni, ambacho hungoja mpaka kila mtu amalize kunakili, hapo hupotea. TOEFL nayo tangu mwaka 2005 hupima stadi 4, yaani kusoma, kusikiliza, kusema na kuandika. Lakini mtihani wetu wa Kiingereza wa Kidato cha Nne kwa miaka mingi ulikuwa wa kuandika peke yake. Tumewapima watoto mkono, tukawapeleka wakapimwe na sikio na ulimi.

Hata hivyo nisiwaelemee sana wauzaji wa mbinu. Wao hawakubuni kukariri. Walikikuta kimekwisha kupandwa, wakaja kuvuna. Kijana aliyefaulu biolojia kwa kukariri haoni sababu ya kutokariri Kiingereza chenyewe. Na tukiseme pia ambacho darasa la jioni halikisemi: anayepita kwa mbinu hupita mlangoni tu. Ndani yumo mhadhiri asemaye kwa saa nzima bila ya kurudia, zimo kurasa za kusomwa kwa usiku mmoja, zimo na hoja za kujibiwa papo kwa papo. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Wapinzani wetu wana hoja moja nzito, nayo yastahili jibu. Husema kwamba ikiwa vijana wanashindwa Kiingereza wakati wanafundishwa kwacho, je, watakuwaje kikibaki somo moja tu katika juma? Hoja hii hudhani kuwa kukizamisha kichwa majini ndiko kufundisha kuogelea. Watazameni Wafini. Lugha yao haina udugu wowote na Kiingereza, kama yetu isivyokuwa nao. Wao husoma fizikia, historia na hesabu za sekondari kwa lugha zao wenyewe, na Kiingereza hufundishwa kama somo la lugha ya kigeni. Walakini vijana wao husifiwa kwa kukijua. Wanorwe na Waholanzi nao vivyo hivyo. Nakiri kuwa watu hao wana walimu wengi waliofundwa vema, wana vitabu tele, na Kiingereza hukisikia nyumbani katika filamu zao. Basi jibu ni kuwatafuta walimu hao, vitabu hivyo na masikizi hayo, si kumtwika mwalimu wa kemia kazi ya kufundisha lugha ambayo hakusomea kuifundisha.

Kukubali kuwa Kiingereza ni cha kigeni si kukichukia. Ninakipenda, na ningependa kila kijana wetu akijue barabara. Lakini ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mwenye kujua kuwa kitu ni kigeni kwake hukiendea kwa adabu na kwa mpango: hukianza mwanzo, hukisikiliza kabla ya kukisema, huuliza asipoelewa, wala haoni aibu kukosea. Mwenye kudanganywa kuwa ni chake huona aibu kuuliza, na aibu hiyo ndiyo imezifunga ndimi za wanafunzi wetu.

Kwa hiyo wanaojiandaa sasa, ambao hawawezi kuingoja serikali ibadili sera, nawapa ushauri huu. Kwanza, jipeni mwaka, si miezi 2. Pili, kila siku sikilizeni habari moja kwa Kiingereza mara 1 tu, kisha mseme kwa Kiswahili mliyoyasikia. Mkishindwa kuyasema kwa Kiswahili, basi hamkuyaelewa, na hapana mbinu itakayowafaa. Tatu, chukueni tahariri ya gazeti la Kiswahili, mwigeuze Kiingereza, mwiweke kando kwa siku 3. Kisha mwirudishe katika Kiswahili na kuilinganisha na ile ya asili. Palipoharibika ndipo penye somo lenu. Nne, tafuteni mwalimu ajuaye lugha zote mbili, kwa kuwa makosa yetu mengi yana mizizi katika Kiswahili. Viwakilishi vyetu havimtengi mwanamume na mwanamke; Kiingereza huwatenga, na ndiyo sababu vijana wetu humwita mama kana kwamba ni baba. Vinywani mwa wengi husikika “nimemwona jana”. Kiingereza hakikubali kitenzi cha hali timilifu kikae pamoja na jana. Mwalimu asiyejua Kiswahili huona kosa tu, bali ajuaye Kiswahili huona na chanzo chake. Na Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1996 isikae mbali na mkono. Marufuku ya Kiswahili darasani ilikuwa sawa na kumnyang’anya mpandaji ngazi yake kwa hoja kwamba juu ya mnazi hakuna ngazi.

Wenye kutunga sera nawataka jambo moja zito kuliko hayo yote. Masomo yafundishwe kwa lugha ambayo mtoto anafikiri kwayo. Kiingereza kifundishwe kama kilivyo, lugha ya kigeni yenye faida kubwa, kwa walimu waliosomea kazi hiyo, kwa saa za kutosha, na kipimwe kwa sikio na ulimi pia. Hapo kijana atakayesimama mbele ya mtahini wa ugenini atakuwa amejiandaa kwa miaka mingi bila ya kupita darasa la jioni, na jina la mtihani halitamchoma tena moyo. Itakuwa ni sifa kwake kusema kuwa lugha hiyo si yake, kwamba alijifunza, na kwamba ameiweza. Wajibu wa kumfikisha hapo ni wetu sisi tulioshika chaki na wao walioshika kalamu za sera, na kila mwaka tunaouchelewesha una kidato kizima cha watoto ndani yake.